Njue na Mota Aliyoifungua

Tik.

Hivyo tu. Halafu kimya kifupi, halafu tik nyingine, kama mtu anayepanda ngazi gizani na kujaribu kila kidato kabla ya kukikanyaga. Hata leo, ukimkuta Njue ameketi peke yake nyumbani kwake Kanja, kidole chake hugonga mkono wa kiti kwa mwendo ule ule.

Maisha yake ya kazi aliyaishi na mota za sauti nyingine. Alikuwa fundi wa kiwanda cha kahawa, mlezi wa pampu za mtoni na mashine za kumenya, mota zilizonguruma kama fahali. Kila mwaka kabla ya msimu alizifungua zote. Alichomoa rota, kile kiini kinachozunguka ndani, akaiosha kwa petroli, akafuta vumbi kwenye nyaya za koili, akapaka grisi, akafunga. Mota isiyofunguliwa, aliwaambia wenzake, ni mtoto asiyeogeshwa. Hakuna aliyembishia, maana mota zake hazikufa msimuni.

Mkewe, Wamuyu, aliolewa akija na tetea mmoja kwapani, zawadi ya mama yake. Tetea huyo alikuwa na shingo tupu, haina hata unyoya, na kizazi chake chote kikatoka hivyo hivyo.

"Mama Igoki," majirani walimchokoza, "hawa kuku wako wamenyolewa wapi?"

"Kwa kinyozi aliyekukataa wewe," naye alikuwa akijibu.

Mama yake Wamuyu alipofariki, shamba likagawanywa, nyumba ikabomolewa. Kuku wale ndio waliobaki wa kwao.

Kisha kideri, ugonjwa wa kuku, kikaja na baridi ya Agosti. Kuku wakapinda shingo, wakazunguka mahali pamoja, wakaanguka. Boma hata boma, mabanda yakanyamaza. Wamuyu akabaki na kikapu cha mayai aliyoyaokota kabla ya ugonjwa, na katika kijiji kizima hapakuwa na tetea wa kuyaatamia.

"Nitakutengenezea mama wa mbao," Njue akamwambia.

Akatengeneza kweli. Sanduku la mbao lenye kidirisha, balbu za joto, sufuria ya maji, trei zinazoinamia upande huu na upande ule. Yai lisipogeuzwa, kifaranga hugandana na ganda na kufia humo. Kwa hiyo alikwenda Manyatta kwa Mutembei, fundi wa Kichuka anayefufua redio na simu, akanunua mota ndogo iliyotoka kwenye mashine kuukuu ya fotokopi, pamoja na saketi yake.

"Hii si kama zile zako, mzee," Mutembei alimweleza. "Huipi umeme ikimbie. Unaipa mpigo mmoja, inapiga hatua moja, inasimama hapo na kushikilia. Saketi hii ndiyo inayotuma mipigo na kuihesabu."

Njue aliifikisha nyumbani, akaiweka mezani, na mikono yake ikafanya ilichokijua. Akaifungua. Rota ilitoka kwa shida, ikiing'ang'ania nyumba yake, meno yake madogo yaking'aa. Akaiosha kwa petroli, akairudisha. Akaijaribu trei zikiwa tupu. Tik, tik. Wamuyu akapiga makofi.

Mayai yakapangwa, mlango ukafungwa. Kioo cha saketi kiliendelea kuhesabu hatua, na ndani kulisikika sauti, nyembamba kidogo kuliko ya kwanza. Njue alizoea mota inayokufa kwa kelele na moshi. Hakushtuka.

Aliyeshtuka ni Wamuyu. Alikuwa ametia alama ya mkaa upande mmoja wa kila yai.

"Baba Igoki, hebu njoo. Alama zangu zinaniangalia."

"Si ndiyo kazi ya alama?"

"Jana pia zilikuwa zinaniangalia. Na juzi."

Njue akafungua mlango, akagusa ekseli. Haikuwa ikizunguka. Ilitetemeka tu chini ya kidole, kama moyo wa ndege aliyekamatwa.

Mutembei aliichukua mota, akaizungusha kwa vidole viwili.

"Mzee, uliifungua?"

"Niliiosha."

"Ukachomoa rota?"

"Ningeioshaje bila kuichomoa?"

"Wewe mzee! Siku moja utafungua redio umtafute mtangazaji." Kisha akamwona uso, akaacha kucheka. "Ndani ya rota kuna sumaku. Ilitiwa nguvu ikiwa imeshakaa katikati ya chuma chake. Ukiitoa, nguvu nyingi inapotea. Ukiirudisha, hairudi nayo. Trei tupu itazisukuma. Zenye mayai, hapana."

"Lakini saketi ilisema imezunguka."

"Saketi huhesabu ilichoagiza, mzee. Haioni kilichofanyika."

"Unayo nyingine?"

"Hapana. Ipunguzie mwendo. Ikienda polepole huvuta zaidi. Pengine."

Njue alirudi Kanja na hilo "pengine" kama mtu aliyebeba maji viganjani. Akapunguza mwendo. Trei zikapanda nusu, zikateleza zikarudi. Akaongeza umeme mpaka mota ikamchoma kidole na kutoa harufu ya rangi inayoungua. Mwishowe akaing'oa, akafunga kijiti kwenye ekseli ya trei, akavuta kiti. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa mota. Akichoka, Wamuyu anashika. Kanisani hawakuonekana tena.

Waliyamulika mayai kwa tochi ya simu, jikoni, dirisha likizibwa kwa blanketi. Yai lililo hai lina mishipa kama mizizi myembamba. Lililokufa lina duara la damu. Duara, duara, tena duara. Wamuyu aliyazika chini ya mibuni, moja moja. Njue alitamani mkewe amfokee. Alitamani atupe sufuria. Mkewe alirudi akanawa mikono, akaketi, akashika kijiti.

Siku ya kuanguliwa ikaja, ikapita. Ndani ya sanduku hapakuwa na mlio.

Asubuhi iliyofuata, yai moja likatikisika. Ufa mdogo ukatokea, na kwenye ufa ncha ya mdomo, ikigonga. Ikagonga, ikapumzika, ikagonga. Kisha ikatulia. Jua likapanda hadi kwenye kizingiti, nayo bado imetulia.

"Amechoka," Wamuyu akasema. "Baba Igoki, huyu ndiye wa mwisho. Amekwama na ganda. Atafia humo tukimtazama."

Ukucha wake ukaenda kwenye ufa.

Njue akauweka mkono wake juu ya wa mkewe, mkono ule wenye makovu ya petroli na koili, uliofungua kila kilichopita mbele yake. Akainama mpaka midomo yake ikagusa kitambaa cha kichwani cha mkewe.

"Usimfungue," akanong'ona.