Tapeti Nilizokaza kwa Haraka

Sogea karibu kidogo nikueleze, maana jambo hili huwaponyoka hata mafundi wazuri. Tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu za injini, zikiwa za kawaida huachiwa nafasi ndogo, unayoipima kwa fila, kile kibapa chembamba cha chuma. Tapeti za oili hazitaki nafasi. Ndani yake mna kipistoni kidogo kinachojaa oili na kuinuka chenyewe mpaka kiguse. Injini ikiwa imeundwa upya, tapeti hizo huwa bado zina hewa, kwa hiyo ukiiwasha zinagonga, tiki-tiki-tiki, dakika kumi na pengine zaidi. Ziache. Zitanyamaza zenyewe.

Yote hayo niliyajua siku ile. Ndiyo maana hadi leo nikisimulia, uso wangu huwaka.

Mama mmoja wa upande wa Sosiot alikuwa ameniletea pikapu yake, ambayo kila asubuhi ilibeba maziwa ya majirani kuyapeleka Kericho. Injini niliiunda upya kwa wiki nzima. Bandani kwetu tuna desturi: injini ikiwashwa mara ya kwanza, mtu huweka kikombe cha chai juu ya kifuniko chake, na watu hukusanyika kuona kama chai itamwagika. Chai ilitulia. Lakini tapeti ziligonga.

"Fundi, umetengeneza gari ama cherehani?" akauliza mwenzangu wa kuchomelea vyuma.

"Nishonee suruali!" mwingine akadakia.

Watu wakacheka. Mama naye akatabasamu kwa adabu huku akiniangalia. Sikuweza kungoja. Nikafungua kifuniko, nikaiwasha tena oili ikinirukia mikononi, nikakaza nati za tapeti moja baada ya nyingine mpaka kelele ikaisha.

"Kongoi, asante, kijana wangu," mama akasema, akaondoka.

Asubuhi yake oili ilijaa kwenye tapeti, zikainuka, zikakosa pa kwenda kwa vile nilivyozikaza, zikashikilia valvu wazi. Injini ikaishiwa nguvu mlimani. Kufikia wakati nilipoitwa, maziwa yalikuwa yameganda kwa jua. Bila hata kufungua boneti nikasema, "Mama, petroli yako ina maji."

Petroli hiyo alikuwa ameletewa na shemeji yake kwa mtungi. Akampigia simu mbele yangu.

"Shemeji, umeniaibisha kwa watu! Usiniletee kitu tena!"

Nilisikia yule mwanamume akijitetea kidogo. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale.

Bandani nilikuta valvu mbili zimeungua kingo. Nikazibadilisha kimya kimya, nikalegeza nati na kuzirekebisha upya. Siku ya tatu mama alikuja kuchukua gari. Majirani saba walikuwa wamehamishia maziwa yao kwenye gari lingine, akasema, na waliobaki wangeamua Jumapili baada ya ibada. "Na shemeji haji kwangu tena." Hakuwa akinilaumu. Alinisimulia kama mtu wa nyumbani.

"Mama," nikasema, "petroli ilikuwa safi. Ni mimi. Nilikaza tapeti kwa sababu walinicheka."

Akatoa simu yake. "Hata maziwa ya mursik kibuyuni hutiwa mkaa yakanoga, fundi. Maziwa yangu wewe umeyatia uongo." Akabonyeza simu, akanipa. "Ni shemeji. Mwambie mwenyewe. Na Jumapili utawaambia majirani."

Nilimwambia shemeji, na Jumapili nikawaambia majirani nje ya kanisa. Waliobaki hawakumwacha; kati ya wale saba, watatu walimrudia. Wanne hawakurudi, na sikuwa na la kuwafanyia.

Basi wewe fanya hivi. Hakikisha valvu zote mbili za silinda unayoanza nayo zimefungwa. Zungusha pushirodi, ule ufito unaosukuma roka, mkono unaofungua valvu, kwa vidole viwili huku ukikaza nati polepole. Ufito ukianza tu kuwa mzito, ongeza nusu mzunguko, kisha fanya vivyo hivyo kwa silinda zilizobaki. Rudisha kifuniko, uwashe. Ikigonga, weka spana chini na uiache injini ingurume dakika ishirini kabla hujagusa nati yoyote.