Barua ya Dada wa Salale Imefika kwa Yule Yule Anayemwogopa

Admin, ficha jina langu na picha yangu. Majina ya humu nimeyabadilisha, na kuna mambo mawili matatu nimeyageuza ili mtu asinitambue. Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, fundi kompyuta hapa Kibiti. Chuo sijakanyaga. Nilianza kwa kuchapa barua za watu kwenye kibanda cha kutolea kopi, nikajifunza kwa kufungua na kuharibu. Leo nina duka langu na watoto wangu wawili wanasoma kwa mikono hii.

Kuna kampuni inanunua kamba na kaa deltani, kule mto unakoingia baharini. Ofisi iko hapa Kibiti, kituo cha kupokelea mzigo kiko Salale, wakubwa wako Dar. Waliniita niunganishe kompyuta za ofisi na orodha ya wafanyakazi iliyoko kwenye seva ya Dar, ili mtu akianza kuandika jina kwenye programu ya barua pepe, anwani ijilete yenyewe. Nikaweka jina la seva, nikaweka nywila, nikajaribu, ikakubali.

Kesho yake sekretari, nimwite Mwajuma, akanipigia kanuna. "We fundi, mashine yako haimjui mtu! Naandika Baba Shani inasema hayupo, na Baba Shani nimetoka kunywa naye chai sasa hivi."

Nilicheka. Orodha ya Dar ilikuwa na majina ya vyeti, na huku kwetu nani anamjua mwenzie kwa jina la cheti? Watu arobaini na watatu, ofisi nzima ilikuwa inawajua tisa tu kwa majina hayo. Dar wakaniruhusu niongeze jina la pili kwa kila mtu. Mwajuma akawa anataja, mie naandika: Baba fulani, Mama fulani. Kisha nikaongeza wepesi wangu mwenyewe: ukiandika jina la mtoto tu na kubonyeza, programu inachukua la kwanza kwa alfabeti kati ya yote yenye jina hilo. Mkubwa wa kompyuta wa Dar akaikagua, akanijibu neno moja: "Safi."

Sasa sikilizeni. Mama Zuhura ni afisa ustawi wa wafanyakazi, yuko Dar. Baba Zuhura ni msimamizi wa kituo cha Salale. Hawana undugu, kila mtu na Zuhura wake. Na B inatangulia M.

Wiki iliyopita alikuja ofisini dada mmoja anayechambua kamba Salale. Akamwomba Mwajuma amwandikie Mama Zuhura kwamba msimamizi hampangii mwanamke zamu mpaka amfuate chumbani kwake nyuma ya kituo, na anayekataa anamaliza msimu bila kazi. Akaomba jina lake lisitajwe. Mwajuma akaandika Zuhura, akabonyeza, akatuma. Dada akapanda bodaboda kuwahi boti ya kurudi Salale pale Nyamisati, anashukuru njia nzima.

Mie sikujua lolote mpaka jana, Baba Zuhura aliponipigia mwenyewe.

"Fundi, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo baba."

"Marahaba. Kazi yako nzuri mno. Siku hizi napata kwenye simu mpaka barua zisizo zangu." Akacheka, akanisomea mistari miwili. "Haina jina, lakini imetoka kwenye mashine ya Mwajuma, na wewe kutwa uko pale. Nani alikuja?"

"Wallahi sijui, baba."

"Haidhuru. Wachambuzi wangu ni kumi na wanane tu, nitampata. Kesho nakuletea boti, uje unifungie kompyuta hapa kituoni. Tutazungumza vizuri."

Nilikwenda kwa Mwajuma mbio. Ndipo aliponieleza yote, analia. Nikamwambia tumpigie Mama Zuhura. Akanishika mkono: "Dada, umesahau meneja wetu kamuoa dada yake Baba Zuhura? Dar wakiuliza, watamuuliza meneja. Mie na wewe tumekwisha."

Simu ya yule dada haipatikani, kule mtandao ni wa kuvizia. Nikimtuma mtu amuulizie, nimemtaja. Nikikaa kimya, ataingia zamu akijua msaada unakuja, kumbe anayempangia zamu ndiye anayemtafuta. Na kama atadhaniwa mwingine asiye na kosa, je? Hao wanawake kumi na wanane hawana njia ya kutoka pale isipokuwa kwa maji, na boti za kituo anaamuru yeye.

Kinachonichoma ni kwamba likilipuka, hakuna atakayemtaja yule wa Dar aliyesema safi. Watasema fundi wa mtaani. Sawa, waseme. Duka naweza kulianza upya. Lakini mtu akiumizwa kwa sababu ya kitu nilichokipanga mie ili wenzangu wapate wepesi, nitawatazamaje watoto wangu?

Nahodha wa boti ya kituo kanipigia sasa hivi, anasema boti iko Nyamisati na katumwa asirudi bila mie. Nikikataa, Baba Zuhura atajua nina ninachokificha. Nikienda, nitakuwa karibu na yule dada, lakini nitakuwa mikononi mwa Baba Zuhura na mie.

Ndugu zangu, matusi yawekeni pembeni. Nipande au nisipande? Na kama sipandi, nani atamfikia yule dada kabla hajaingia zamu?