Vidonge vya Wasiwasi na Ndovu wa Kibugu

Nakumbuka asubuhi moja kule Kibugu, mwanangu, miaka ya tisini, ndovu alipotoka msituni akanikuta nachuma chai pembeni mwa shamba. Nilitupa kikapu nikakimbia. Mwili haukuguswa, ila moyo ulibaki kule kwenye majani. Kila nilipokaribia shamba pumzi ilikatika, nikageuka nyuma. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka; mimi hata ng'ombe akikohoa niliruka.

Wenzangu walicheka. Cucu Ruguru, bibi mwenye shamba tuliyemwita Cucu, yaani nyanya, hakucheka. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema, "na woga pia ni maradhi." Akanipeleka zahanati mwenyewe.

Daktari alinipa haidroksizini. Shule niliiacha mapema, maswali sikuyaacha, nikamuuliza ni dawa gani hiyo.

"Ni hii hii tunayowapa wanaojikuna," akasema. "Hutuliza wasiwasi pia. Haimshiki mtu kama zile kali za usingizi, lakini ni ya siku chache tu. Na pombe, achana nayo kabisa."

Ilinifaa, nisiseme uongo. Nililala. Kisha nikapenda kulala. Vidonge vilipokwisha nikamwambia Cucu nataka vingine, ama nihamie Mitunguu, kule kwetu Meru, kwenye mashamba ya ndizi, nisione ndovu tena.

"Wewe kijana wa Meru, unataka kulala mpaka ndovu azeeke? Na ukienda Mitunguu, huo moyo utaniachia mimi niutunze?"

Kisha akaendelea kwa upole:

"Dawa imekupumzisha. Kesho twende. Mimi nitatangulia."

Siku ya kwanza tulifika kwenye michai ya karibu tu, tukarudi kunywa uji. Tukawa tunasonga kidogo kidogo, yeye akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya ajabu. "Ndovu akisikia hii atarudi msituni mwenyewe," alinitania. Hatimaye tukafika pembeni kabisa. Kikapu changu kilikuwa pale pale, kimekanyagwa bapa kama chapati. Nikacheka mpaka machozi. Cucu akanipa chake, nikaanza kuchuma.

Basi mwanangu, wasiwasi ukikuzidi nenda hospitali bila haya, na usimcheke aliyekwenda. Meza kama ulivyoambiwa, usimgawie jirani, na usipotulia mrudie daktari umwambie ukweli. Halafu tafuta mtu wa kutembea naye, maana kidonge hakina miguu. Mungu akupe usingizi mwema, na kukicha akupe Cucu wa kukutangulia.