Bizi, na Karafuu za Jirani

Nyinyi mliochambua karafuu pamoja nami kule upande wa Wete mtanishuhudia: tulipokuwa wadogo hakukuwa na mtu bizi. Kazi zilikuwapo, tena za kuumiza mgongo. Alfajiri chuoni kusoma Kurani, asubuhi skuli, mchana mikarafuuni kuokota zilizoanguka, jioni tumekaa duara juu ya jamvi tunachambua, vidole vyeusi, harufu ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, imetuingia mpaka ukila muhogo unaona kama umetiwa karafuu. Na bado tulicheza nage mpaka sauti zikatukauka.

Wingu likisimama, yeyote aliyepita njiani aliingia uwanja wowote kuanua karafuu zilizoanikwa, mwenyewe awepo asiwepo. Mama yangu alikuwa wa mbele. Aliacha chungu motoni, akakimbia huku anafunga kanga, anatupigia kelele: "Nyanyukeni! Mwangoja kuuliza za nani? Mvua haiulizi!" Siku moja tukaanua za mwanamke ambaye mama hakuwa akisema naye. Nikanung'unika. Nikatiwa kofi la mgongo. "Nimegombana naye yeye," akasema, "sikugombana na karafuu."

Leo kila mtu bizi. Ukipiga simu, bizi. Kijana amemchoka msichana aliyemposa, basi siku hizi yuko bizi. Aliyelala anamtuma mdogo wake mlangoni: mwambie niko bizi. Na wakitaka kumsifu mtu husema yule ni mtu bizi sana, kama kwamba ni cheo. Mjukuu wangu wa miaka minane nilimwomba maji ya kunywa. "Bibi, niko bizi." Alikuwa amelala chali, anatazama katuni. Nikamuuliza, "Bizi ya nini?" Akanijibu, "Bizi tu."

Hayo niliyacheka, mpaka mama alipolala kitandani asiinuke tena.

Hamadi, kijana wa nyumba ya pili, amelelewa mikononi mwa mama. Mamake akienda kuchuma, yeye alishinda kwetu, akila kwetu, akilala mgongoni kwa mama. Mama akawa anamtaja kila siku. "Hamadi hajaja? Nataka nimwone tu."

Nikamfuata. "Naja, Bi Mize, niko bizi kidogo." Mara ya pili nikamkuta barazani na wenzake, wamejiinamia wanacheza mpira wa kwenye simu. "Mwambie bibi kesho. Leo bizi kweli." Mwenzake mmoja akadakia, "Anafungwa mabao huyo, ndio maana yuko bizi!" Wakacheka. Kutoka baraza ile mpaka kitanda cha mama ni hatua arobaini. Nimezihesabu.

Mara ya tatu nilimpigia simu, asipokee. Nikamwambia mama kwamba Hamadi yuko njiani. Ulikuwa uongo, na ndilo neno la mwisho alilolisikia kutoka kwangu. Alfajiri yake akafariki.

Mazikoni Hamadi alikuja, sitamnyima haki yake. Alilibeba jeneza tangu nyumbani mpaka kaburini. Kumbe kwa maiti hakuwa bizi.

Siku ya tatu, hitima imeshasomwa, wingu likasimama. Karafuu za Hamadi zilikuwa zimeanikwa uwanjani kwao na nyumba imefungwa. Nilikuwa nimekaa mlangoni, naziona. Moyo ukaniambia: kaa, Mize, leo na wewe uko bizi. Nikakaa. Likapiga bati tone la kwanza, la pili, bati zima likalia. Hapo nikahisi lile kofi la mgongo, nikanyanyuka nikakimbia.

Nusu zilipona. Hamadi akatokea na pikipiki yake, maji yanamchuruzika. "Ahsante sana, Bi Mize. Nilikuwa bizi mjini."

Nilimsaidia kubeba jamvi mpaka ukumbini, nikarudi kwangu.

Hasira zangu kwake hazijaisha, wala sitasema zimeisha. Lakini zamani zile mama alifika uwanjani kwa watu kabla ya tone la kwanza, hata kwa adui yake. Mimi nilifika baada ya bati kulia, na hakukuwa na kazi yoyote iliyonizuia.