Mtambo wa Taka wa Gitega

Kila ninapopita nyuma ya soko la Muyinga na kukutana na harufu ya maganda ya ndizi yaliyooza, namwona baba.

Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Tanzania, tukakuta shamba letu la Butihinda linalimwa na wengine. Baba akapata kazi Gitega, kwenye mtambo mkongwe uliogeuza taka za majumbani kuwa gesi ya kuzalisha umeme. Siku hiyo mimi na mama tulimpelekea chakula, tukamkuta anajifunga kamba kiunoni. Tangi la kuozeshea taka lilikuwa limeziba.

"Mzee, usishuke," mwenzake alimsihi. "Pampu ya hewa iko imekufa, na gazi iko mingi mule ndani."

"Mtambo ukisimama, sote tutarudishwa nyumbani," baba alijibu. "Mimi nyumbani kwangu wapi?"

Akashuka. Haikupita muda, kamba ikakazika ghafla. Walipomvuta juu, macho yalikuwa wazi, pumzi haipo.

Wanaume waliokuja kumwosha waliziba pua. Mama aliwasogeza kando, akapiga magoti, akalaza shavu kwenye kifua kile kilichojaa tope jeusi.

"Niachieni," alisema. "Nitamwosha mwenyewe."