Mama Blanketi asaka kompyuta ya kuiwahi sauti ya kaka yake

SAA nne asubuhi, katika duka la kompyuta zilizotumika, mwanamke mmoja amelaza sikio juu ya kompyuta kama mkunga anayesikiliza tumbo la mjamzito. Amefumba macho. Muuzaji anamtazama bila kujua acheke au amwonee huruma.

"Hii nayo inapumua," anasema mwanamke huyo akiinua kichwa. "Nipe nyingine."

Majirani wanamwita Mama Blanketi. Chumba anacholala na mumewe ndiyo studio yake, na ametundika mablanketi ukutani, dirishani na nyuma ya mlango ili sauti isigonge ikarudi. Humo hurekodi kwaya, salamu za harusi na matangazo ya wenye maduka, wateja watatu au wanne kwa wiki, wiki ikiwa nzuri. Mumewe hulalamika kwamba humo ndani kila kitu kimefunikwa isipokuwa yeye.

Kurekodi kwenyewe hakufanyiki saa yoyote tu. Wamepakana na fundi wa kuchomelea mageti, na mashine yake ikishaanza kunguruma hakuna wimbo unaorekodika. Kwa hiyo waimbaji wote huja saa saba mchana, fundi anapokwenda kula. "Akishiba haraka, tumekwisha," anasema Mama Blanketi, anacheka.

Kicheko hakidumu. Wiki hii anaogopa, na wala hafichi.

Kaka yake, dalali wa mnada wa nguo sokoni, anafanyiwa upasuaji wa koo Jumatatu. Daktari amewaeleza wazi kwamba uvimbe lazima utoke. Sauti inaweza kurudi, na inaweza isirudi. Kaka huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Mchana alinadi mashati, usiku akambembeleza mdogo wake kwa wimbo alioutunga mwenyewe. Una beti nne: tatu za kumlaza mtoto, na ule wa nne wa kumwamsha asubuhi.

"Mimi sikuachiwa hata picha ya mama," anasema. "Nilichonacho ni wimbo huo, nao umo kooni mwa kaka."

Aliwahi kuurekodi mwaka jana, wakati sauti ya kaka ilipokuwa bado inafika upande wa pili wa soko. Hapo ndipo lilipotokea kosa linalomnyima raha mpaka leo. Kompyuta yake ya kwanza ilikuwa na feni yenye kelele, na maiki haina adabu ya kuchagua: inamchukua mwimbaji, inaichukua na feni. Basi akaifanyia kelele hiyo kile anachozifanyia kelele zote. Akaifunika blanketi.

Kelele ikapungua kweli. Kaka akaimba wimbo wote, tena kwa mbwembwe. Mama Blanketi alipofunua ili wasikilize, akakuta kioo cheusi na mashine ina moto kama pasi. Fundi wa kompyuta aliifungua akasema ilikosa hewa, na diski nayo imekufa na wimbo wake.

"Niliiua kwa mkono wangu," anasema. "Kaka akacheka, akasema tutarudia. Siku hizo kurudia kulikuwa rahisi."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndiyo maana leo amekuja dukani na akiba yake ya mwaka mzima wa kurekodi wateja kwa simu, na bado mkono unasita.

Muuzaji amemwekea mbili mezani. Moja ni kubwa, ina nguvu ya kubeba sauti za kwaya nzima zikipandana bila kuganda, ila ikichoka feni yake inavuma. Nyingine ni nyembamba, haina feni kabisa, lakini ni ya polepole. Ukiirundikia kazi inaanza kukatakata sauti. Bei hazipishani sana.

"Mama, chukua hii kubwa," muuzaji anasisitiza. "Wenye studio wote wananunua hii. Hako kamlio utakafuta baadaye kwenye programu."

"Ukifuta feni unafuta na pumzi ya mtu, mwanangu. Kaka yangu siku hizi nusu ya sauti yake ni pumzi."

Kaka mwenyewe amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, skafu shingoni. Sauti yake imebaki mkwaruzo, lakini udalali haujamtoka.

"Chukua kubwa, mdogo wangu," anasema. "Mimi nina wimbo mmoja. Kwaya ndizo zinazokulisha."

Mama Blanketi anazivuta zote mbili karibu. Anaziwashia kompyuta zote mbili filamu, anafungua kila programu iliyomo, kisha anakunja mikono kusubiri. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," anamwambia muuzaji. "Kompyuta isiyo na kazi ina heshima zake. Mimi nazipa jembe hapahapa."

Haichukui muda. Ile kubwa inaanza kuvuma. Nyembamba inapata joto kidogo, lakini kimya. Anaigusa kwa nyuma ya kiganja, kama anavyopimwa mtoto mwenye homa, na anainama tena kusikiliza.

"Kwaya nitazirekodi kidogokidogo, sauti moja baada ya nyingine," anasema hatimaye. "Zitanivumilia. Kaka siwezi kumwambia asubiri."

Jumamosi, saa saba mchana. Jirani amezima mashine na kwenda kula. Kompyuta mpya iko juu ya stuli tupu, mbali na kitambaa chochote. Hata blanketi la kitandani limetolewa nje. Kaka amesimama mbele ya maiki iliyopandishwa juu, maana ni mrefu kama mlingoti.

Anaimba. Mama Blanketi hamtazami. Macho yake yako kwenye mstari unaotembea kwenye kioo, na jasho jembamba linamtoka, kwa sababu sasa kimya chenyewe kinamtisha. Ile ya zamani alijua iko hai kwa kelele zake.

Ubeti wa kwanza unapita. Wa pili sauti inakwaruza, inapotea, inarudi. Wa tatu anaumaliza kwa kunong'ona. Kisha anavua hedifoni.

"Kaka, bado mmoja. Jirani atarudi."

"Huo siimbi leo."

"Usinifanyie hivyo, kaka. Nakuomba. Je, kama..." Anashindwa kumalizia.

"Huo ni wa kuamsha," kaka anamwambia. "Nitauimba nikishaamka mimi. Hata kwa mkwaruzo, nitakuja niuimbe."

Mama Blanketi analia, anabembeleza, anafoka kabisa. Lakini dalali akishagonga meza, bei ndiyo hiyo. Nje, mashine ya kuchomelea inaanza kunguruma.

Jumatatu, kwenye korido ya hospitali, Mama Blanketi amekaa kwenye benchi na kompyuta mapajani. Tangu Jumamosi hajaiacha nyumbani, ingawa beti zile tatu amezinakili pia kwenye flashi ya mumewe na kwenye simu. Kaka yake ameingizwa chumba cha upasuaji tangu asubuhi na mlango haujafunguliwa. Kila kiatu kinachosikika kwenye korido kinamsimamisha.

Anafungua kompyuta, anaonyesha mistari mitatu ya sauti, na baada yake sehemu tupu.

"Nafasi ya ubeti wa nne nimeiacha," anasema. "Maiki nayo sijaishusha, iko palepale kwenye urefu wake. Naogopa hata kuipangusa vumbi."

Anautazama mlango.

"Na jirani nimeshamwomba. Siku kaka akitoka humu, ale polepole."