Jinsi Mama Modest Alivyoshika Ndege

Asubuhi Mama Modest alipoingia kambini kwa mara ya kwanza, tulidhani ameleta maziwa. Mwenzetu mmoja alishakimbilia sufuria. Yeye akasubiri tumalize kumwamkia, mmoja baada ya mwingine, kisha akatoa bahasha ya kaki ndani ya kitenge na kumkabidhi Irene, msimamizi wetu, kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na barua ya kukubaliwa mafunzo, yake mwenyewe. Scolastica Safari, miaka hamsini na miwili, elimu darasa la saba, mkazi wa kata ya Mogitu.

Nikiri mapema kwamba nilikasirika. Mimi ni Pascal, mtoto wa Dongobesh, na mwaka ule nilikuwa chuo mwaka wa pili. Niligombea nafasi ile kwa jasho. Kila mwaka, kuanzia Agosti hadi Oktoba, mradi mmoja wa ndege huchukua vijana watano wa mafunzo na kuwaweka kwenye mahema pembeni ya msitu, chini ya Mlima Hanang. Kazi ni kutega nyavu nyembamba nyeusi alfajiri, kuwanasua ndege walionaswa, kuwavisha pete ndogo yenye namba mguuni, kuwapima na kuwaachia. Ndege huyo akinaswa tena mwakani au mwaka mwingine, namba yake inaeleza ameishi muda gani na amehama au hakuhama. Nafasi moja kati ya tano ilitengwa kwa mtu wa hapo hapo. Tulitegemea kijana. Sasa fikiria mwanafunzi mwenzako ana umri wa mama yako: nani atamtuma mwenzake maji? Jibu nililipata siku hiyo hiyo. Maji tulichota sisi, miezi yote mitatu.

Hasira yangu haikufika wiki. Yule mama alikuwa anawajua ndege kuliko sisi wote na vitabu vyetu. Tukiwa tunatoa majani kwenye nyavu, yeye alikuwa akisikia mlio mmoja tu na kusema, "Huyo chozi, yuko na mke wake," na baada ya dakika mbili tunawakuta wote wawili wamenasa. Utoto wake aliumalizia Masakta juu ya ulingo, akilinda mtama wa baba yake kwa kombeo na madonge ya udongo, kutoka giza la asubuhi mpaka giza la jioni. Alikuwa akiwachukia ndege, alituambia, lakini hakuwa na mtu mwingine wa kumtazama. Darasa la saba alifaulu. Nyumbani waliweza kusomesha mmoja, akasoma kaka yake. Akaolewa, akazaa watoto sita, akalima, akachunga, akawasomesha wote kwa mbaazi na alizeti. Modest, wa kwanza, ni mwalimu huko Nangwa. Wa mwisho alipomaliza kidato cha nne, mama aliwakusanya akawaambia sasa ni zamu yake. Baba Modest alicheka mpaka chai ikamwagika.

Kitu alichokitaka kilikuwa kimoja: kibali cha kuvisha pete. Mwenye kibali anaweza kutega nyavu bila msimamizi, na mradi ulikuwa tayari kumwachia vifaa mtu yeyote wa kijijini atakayekipata, ili ndege wahesabiwe mwaka mzima badala ya miezi mitatu. "Nyie mkiondoka Oktoba," alikuwa akisema, "ndege hawaondoki." Sharti lake lilikuwa ndege mia moja kwenye daftari la mwanafunzi. Kila ndege anakuwa na sahihi ya mwalimu kwamba ameshikwa vizuri tangu anaponasuliwa mpaka anapoachiwa.

Mwalimu wetu ndiye huyo Irene. Binti wa Mbulu mjini, miaka ishirini na sita, mwembamba, kofia ya sufu haikumtoka kichwani hata jua likiwaka. Kazi aliijua. Na kwetu sisi vijana ulimi wake haukuwa na breki. "Pascal, kidole!" "Pascal, huyo si tenga la nyanya!" Nilifokewa hadi nikawa naota nafokewa. Ila akifika kwa Mama Modest, yeye bosi ndiye aliyeanza: shikamoo, Mama, umeamkaje, nyumbani hawajambo, ng'ombe hawajambo. Hakuna aliyeshangaa. Tusingemwelewa kama angefanya vingine.

Ndege mdogo ana namna yake ya kushikwa. Shingo inakaa kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo unalala kiganjani, vidole vilivyobaki vinamzunguka bila kumgusa kifua. Kifua ndicho kinachopanda na kushuka anapovuta hewa. Ukikibana, anakosa pumzi na kufa kimya kimya, hata kulia halii. Mama Modest, kwa upande wake, alikuwa ameshika kuku miaka arobaini. Kuku wa mgeni unamkumbatia mabawa na kifua, unamkaza, asije akakuponyoka mbele ya watu ukaaibika. Ndivyo alivyowashika ndege wa msituni.

Niliona wiki ya tatu. Alikuwa na chiriku mkononi, na kidole gumba kimelala kifuani kwa ndege, kimebana. Nikamtazama Irene. Alikuwa ameona. Akahamisha macho kwenye mizani, akasema, "Vizuri, Mama," akatia sahihi. Chiriku alipoachiwa hakuruka. Alikaa kwenye nyasi mdomo wazi. Irene akamwokota haraka, akamweka kwenye mfuko wa kitambaa mahali penye joto, na baada ya robo saa ndege akaruka. "Amechoka tu," Irene alimwambia Mama Modest.

Tangu siku hiyo niliona wengi waliochoka. Niliwaza kusema. Nikapanga na maneno usiku, nikayapanga vizuri kabisa, na asubuhi nikasema shikamoo nikaenda kuchota maji. Ningeanzia wapi? Mama ambaye amenipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, ambaye akikuta soksi zangu zimetoboka anazishona bila kuniuliza, nimwambie mikono yako ni mibaya? Wenzangu nao waliona. Sote tulinyamaza, na kila mmoja alijiona ana adabu.

Katikati ya Oktoba daftari lake lilikuwa na ndege tisini na nne. Asubuhi ile upepo wa mlimani ulikuwa umetulia na nyavu zilikuwa zimejaa. Alitoa kwenye mfuko wa kitambaa, tunamowaweka ndege walionasuliwa, kinengenenge, kale kandege ka kijani kenye duara jeupe kuzunguka jicho, kepesi kuliko barua. Akakavisha pete. Akanisomea namba, nikaandika. Akanyoosha mkono kukaweka kwenye mizani, na shingo ya kandege ikaanguka upande.

Alikitazama kiganja chake. Akakapuliza. Akakasugua kifua kwa kidole, akakaita kwa Kiiraqw kwa sauti ya chini, kama mtu anavyomwamsha mtoto. Kisha akaketi chini, hapo hapo kwenye vumbi.

"Nimefanya nini?" akauliza.

"Ni bahati mbaya, Mama," Irene akasema haraka. "Hutokea."

"Kwa Pascal imetokea?"

Irene akainamia mizani. Mama Modest akanigeukia mimi.

"Pascal. Nimefanya nini?"

Nilitazama viatu vyangu. Akauliza tena, neno kwa neno. Nikachuchumaa mbele yake. Nikakachukua kale kandege, nikakashika inavyotakiwa, nikamwonyesha kifua kikiwa huru. Halafu nikakashika kama alivyokashika yeye. Hakuhitaji kuambiwa, maana vidole vyake vilianza kujipanga vyenyewe hewani.

"Tangu lini?"

"Tangu Agosti, Mama."

Sijawahi kumwona mtu mzima akikasirika vile bila kupaza sauti. Alitutazama mmoja mmoja, sote watano. "Agosti," alisema. "Mmekula kwangu. Mmenisalimia kila siku ya Mungu. Mkaniacha niue." Kisha akamwuliza Irene, "Hizi sahihi zako, mwanangu, ni za kweli?"

Irene alianza kulia. Alisema alishindwa, kwamba mama yake mzazi ana umri ule ule, kwamba kila alipofungua mdomo aliona kama anamtukana.

"Usilie. Jibu nilichokuuliza."

"Si za kweli, Mama."

Mama Modest alikafunga kandege kwenye kona ya khanga yake, akainuka, akaenda zake. Hakuaga. Tulibaki na mifuko yenye ndege inayoning'inia, tukawaachia wote bila kuwapima. Mchana ule hakuna aliyepika. Mimi nilikuwa na hakika hatarudi, na nilijichukia kwa kuwa sehemu yangu moja ilifarijika.

Alfajiri tukamkuta amekaa juu ya gogo karibu na nyavu, ametangulia kufika. Tulimwamkia, akaitikia. Akamnyooshea Irene daftari na kalamu.

"Futa."

"Mama, nikifuta utasubiri mpaka mwakani. Zimebaki siku tisa tu."

"Nitasubiri."

"Lakini wengine uliwashika vizuri. Nina hakika."

"Wapi hao? Nionyeshe."

Irene alifungua kurasa, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akarudi mwanzo, akapitisha tena. Hakuweza kumtaja hata mmoja. Akaanza kufuta. Kila mstari uliopigwa, Mama Modest aliutazama mpaka mwisho. Ndege tisini na nne, kazi ya msimu mzima. Mimi nilikuwa nimesimama pale na daftari langu lililojaa sahihi halali, kila moja imetanguliwa na matusi yake, na kwa mara ya kwanza nilielewa Irene alikuwa amenipa nini mimi na amemnyima nini Mama Modest.

Kumfundisha nako kulikuwa kazi. Siku ya kwanza Irene alisema, "Mama, samahani, kama hutajali, labda hicho kidole, kidogo tu..." Mama Modest akamkatisha. "Sivyo unavyomwambia Pascal." Siku ya pili Irene alijitahidi, lakini alinong'ona kiasi kwamba hata mimi niliyekuwa jirani sikusikia. Mchana nikabaki na Mama mwenyewe. Nilijaza soksi pumba za mahindi, nikaifunga, naye akaishika. "Hivi?" "Hapana, Mama." "Hivi?" "Hapana, Mama." Hapana ya kwanza ilinitoka kwa shida, kama naapa kanisani kwa uongo. Kufikia ya ishirini nilikuwa naisema huku natafuna mbaazi. Lakini mwalimu wake si mimi, na alilijua hilo.

Siku ya mwisho ya msimu huwa tunaalika kijiji. Watu walikuja wengi, maana mwaka ule walikuwa na mtu wao kambini. Wamama walileta ugali wa mtama, na kijana mmoja aliuliza kama hao ndege wakishavishwa pete wanapewa na cheti cha ndoa. Baba Modest alikaa mbele kwenye kiti, shuka begani, amenyoa ndevu. Alikuwa amewaambia watu njia nzima kwamba waje wamwone mke wake.

Mama Modest akaingiza mkono mfukoni, akamtoa shore. Shore ni mkorofi. Alimdonoa, watu wakacheka, na macho yote yale yakiwa juu yake, vidole vikarudi kwenye kazi viliyoizoea. Niliona kidole gumba kikishuka kifuani na kukaza.

Irene naye aliona. Alifungua mdomo, akaufunga. Akamtazama Baba Modest, akawatazama wale wamama. Nilitaka kupiga kelele mimi, na nadhani hata Mungu alikuwa anasubiri.

"Mama Modest! Kifua! Legeza!"

Ilikuwa sauti ile ile ya tenga la nyanya. Bibi mmoja alifunika mdomo kwa kiganja. Baba Modest akasimama, fimbo mkononi.

"Wewe binti, unamfokea nani? Unajua huyo ni nani?"

Irene alianza kurudi nyuma, tayari na pole mdomoni. Mama Modest hakuinua macho. Alikuwa ameshalegeza, na sote tuliokuwa karibu tuliona manyoya ya kifua cha shore yakianza kupanda na kushuka.

"Baba Modest, kaa," alisema. "Nipo darasani."

Mzee akakaa. Mama Modest akamvisha ndege pete, akaibana kwa koleo, akasoma namba kwa sauti iliyofika mpaka nyuma. Akampima. Akafungua mkono, na shore akaruka moja kwa moja hadi kwenye miti, bila kukaa kwenye nyasi hata kidogo. Irene akafungua ukurasa mpya, akaandika ndege wa kwanza, akatia sahihi. Kisha akainama kumwuliza Mama Modest kwa sauti ndogo kama amemkosea adabu mbele ya mume wake.

"Shikamoo zako nimezipokea tangu Agosti, mwanangu," Mama Modest akamjibu. "Leo ndiyo umeniheshimu."

Akapangusa mikono kwenye khanga, akaenda kuchukua mfuko wa pili.